Habari za Mkwawa, Mtwa wa Uhehe

Katika mitaa ya Sinza, hapa Dar es Salaam, watu wa kila kabila wamejenga ukuta kwa ukuta tangu mji huu ulipopimwa viwanja katika miaka ya 1970. Mhehe hupakana na Mgogo, na Msangu hukaa ng'ambo ya njia. Watoto wao huketi katika darasa moja, na humo hufundishwa ya kuwa Mkwawa ni shujaa wa taifa letu. Mtoto wa Kihehe hufurahi, kwani ni mzee wake. Lakini mtoto ambaye wazee wake waliukimbia mkuki wa Mkwawa, yeye aseme nini? Kwa ajili ya swali hili twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu huyo tangu mwanzo hata mwisho.

Jina lake lilikuwa Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Alizaliwa Luhota, karibu na Iringa, yapata mwaka 1855. Zamani hizo hapakuwa na kabila moja liitwalo Wahehe. Palikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtwa wake. Munyigumba alizitwaa moja baada ya moja, nyingine kwa vita, nyingine kwa kuoana, akazifunga pamoja kama kuni katika mzigo mmoja. Husemwa ya kuwa hata jina la Wahehe limetokana na ukelele waliopiga vitani. Basi, taifa hili halikuzaliwa na baba mmoja. Lilifanywa na mshindi.

Munyigumba alipokufa, yapata mwaka 1879, mzigo ule ulitaka kufunguka. Mtu mmoja mwenye nguvu, jina lake Mwambambe, aliushika utawala, na Mkwawa akakimbilia Ugogo. Hata alipopata watu wa kumfuata akarudi, wakapigana vita vikali, Mwambambe akauawa. Tangu siku ile hapakuwa na mtu wa kushindana naye katika nchi yake.

Ndipo mkono wake ulipowafikia majirani. Wasangu, waliokuwa wakuu katika nchi za kusini hapo kwanza, walifukuzwa katika nchi yao hata wakakaa Usafwa. Wagogo na Wasagara walipigwa mara nyingi. Ng'ombe wao walichukuliwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa mateka. Misafara ya pembe iliyotoka pwani ilitozwa hongo. Wangoni peke yao hawakushindwa. Walipigana na Wahehe hata pande zote mbili zikachoka, wakapatana. Haya hatuyasemi ili tumwaibishe mtu, bali kwa sababu ni kweli, na bila haya hatuwezi kuyafahamu yaliyofuata.

Wadachi, yaani Wajerumani, walipokwisha kuishika pwani, walitaka kuifungua njia ya bara, na Mkwawa hakukubali kuwa chini yao. Katika mwaka 1891 kamanda Emil von Zelewski alikwenda Uhehe na jeshi, akichoma vijiji njiani. Tarehe 17 Agosti, asubuhi, msafara wake ulipokuwa umenyoshwa kama uzi penye vichaka vya Lugalo, Wahehe wakatoka mafichoni kwa mikuki na bunduki chache. Kwa muda mfupi Zelewski aliuawa, pamoja na Wazungu wenzake na askari zaidi ya 200. Wahehe wengi nao walikufa. Jina la Lugalo twalisikia kila siku hapa kwetu, maana ndilo jina la kambi na hospitali ya jeshi zilizo kwenye njia ya Bagamoyo.

Wadachi hawakusahau. Mkwawa aliuzungushia mji wake wa Kalenga ukuta mkubwa wa mawe, akidhani hautavunjika. Mwisho wa Oktoba 1894 ulivunjwa kwa mizinga, na mji ukatwaliwa. Lakini mwenyewe hakuonekana. Kwa miaka minne alitembea porini na kupigana kwa kuvizia, na watu wake wakampelekea chakula kwa siri, ijapokuwa nchi ilikuwa na njaa na vijiji vilikuwa vimechomwa. Wadachi walimweka ndugu yake Mpangile kuwa mtwa, kisha mwaka 1897 wakamnyonga, kwa kumdhania kuwa bado amsaidia nduguye. Wasangu walishirikiana na Wadachi, wakarudi katika nchi yao. Tusistaajabu, aliyefukuzwa kwake humpokea yeyote amrudishaye.

Kisha ikatangazwa zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898, huko Mlambalasi, askari waliofuata nyayo zake walimkuta amekufa. Alikuwa amejipiga risasi asikamatwe hai. Kichwa chake kilikatwa, kikapelekwa Ulaya.

Hata baada ya kufa hakupata raha. Vita Kuu ya kwanza ilipokwisha, mapatano ya Versailles ya mwaka 1919 yaliandika katika sharti la 246 ya kuwa Ujerumani itoe fuvu la Mkwawa. Halikutolewa. Miaka mingi ikapita, hata Gavana Edward Twining akalitafuta katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, penye mafuvu mengi, likachaguliwa moja kwa kupimwa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi huko Kalenga kwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge la nchi yetu kwa miaka mingi.

Si hapa tu watu wanapogombea mabaki ya mshindi. Alexander, mfalme wa Makedonia, alipokufa Babeli mwaka 323 kabla ya Kristo, jemadari wake Ptolemy aliinyang'anya maiti njiani akaipeleka Misri, ili yeye aonekane mrithi wa kweli. Na katika siku zetu Wayunani na jirani zao wa kaskazini waligombana karibu miaka 30 kwa ajili ya jina la Makedonia, kila mmoja akisema kwamba Alexander ni wake. Walipatana mwaka 2018, na mwaka uliofuata nchi ile ikaitwa Makedonia ya Kaskazini.

Sisi hatukufikia ugomvi wa namna hiyo, nasi twashukuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilicho jirani na Sinza, kina chuo kishiriki huko Iringa kiitwacho Mkwawa, nacho husomesha vijana wa makabila yote. Lakini amani hiyo isitufanye tufiche nusu ya habari. Mtu aliyekataa kutawaliwa na wageni ndiye aliyewatawala majirani kwa mkuki. Mwalimu amsimuliaye Mkwawa wa Lugalo na amsimulie pia yule aliyewafukuza Wasangu. Hapo mtoto wa Kihehe hatajivuna juu ya mwenzake, wala mtoto wa Kisangu au wa Kigogo hatalazimika kuwasahau wazee wake ili awe mtu wa taifa hili.