Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu Aliyechukuliwa Mahakamani

Mtu wa nyumbani kwenu akikamatwa, awe mwanafunzi wa Mbarara au jirani wa Base Camp, swali la kwanza ni: yuko wapi, na nani kamshika? Katiba ya Uganda ya 1995 inataka afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Asipofikishwa, jamaa wanaweza kumwomba jaji aamuru aliyemshika amlete na aeleze kwa sheria gani anamzuia. Kifungu cha 44 kinakataza haki hiyo kuondolewa, hata nchi ikiwa katika hali ya hatari. Yuko mtu aliyeitekeleza haki hii kwa gharama ya uhai wake.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa Mei 1922 Kisabwa, Masaka, katika familia ya Kikatoliki. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia jeshini, akafika Misri na Palestina. Aliporudi akawa mkalimani wa Mahakama Kuu, Kampala. Mimi naona kazi hiyo ilimfundisha sheria kabla ya chuo chochote. Mkalimani huisikia kesi mara mbili, na huona jinsi mtu mwenye haki anavyoweza kuipoteza kwa sababu tu hajui lugha inayosemwa mbele ya jaji. Wenzetu wanaowatafsiria wazazi wao kwenye ofisi za kambi wataelewa ninachosema.

Akaenda kusoma Lesotho, kisha London, akapata uwakili mwaka 1956. Alirudi na kufungua ofisi Kampala, lakini siasa haikumwacha muda mrefu. Mwaka 1958 alikuwa rais wa chama cha Democratic Party, mwaka 1961 chama chake kilishinda uchaguzi, na Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Mwezi uliofuata alishindwa na Milton Obote. Miaka hiyohiyo wakimbizi kutoka Rwanda walikuwa wakipokelewa Nakivale.

Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimweka kizuizini. Alitoka baada ya Idi Amin kupindua nchi Januari 1971, akiwa miongoni mwa wafungwa 55 wa kisiasa walioachiwa. Juni mwaka huo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mganda wa kwanza, yaani raia wa kwanza wa Uganda, kushika kiti hicho. Wapo wanaomlaumu kwa kukubali. Nadhani mtu aliyeonja kizuizi ana sababu yake ya kutaka kukaa pale penye funguo.

Kisha ikaja 1972. Agosti, Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Mapema Septemba ikafika mahakamani kesi ya Daniel Stewart, mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa mikononi mwa wanajeshi. Kwa wakati ule hakukuwa na mtu mgumu kutetewa kuliko Mwingereza. Kiwanuka hakuangalia uraia wake. Aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata, na akaamuru aachiwe.

Siku chache baadaye, tarehe 17, wapiganaji wa upande wa Obote walivuka kutoka Tanzania wakashambulia Masaka na hapa Mbarara, kwenye kambi ya jeshi ya Simba. Walishindwa, na msako wa watu ukaanza nchi nzima. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba watu wenye silaha waliingia Mahakama Kuu, wakamtoa Jaji Mkuu ofisini kwake na kuondoka naye kwa gari. Serikali ilidai kuwa waliomchukua ni waasi. Ni wachache walioamini.

Amin alikuwa Muislamu, na katika jarida kama hili hakuna haja ya kulipita jambo hilo kimyakimya. Dini ya mtu haikumkinga na utawala ule. Januari 1973 Shaban Nkutu, waziri wa zamani na Muislamu, naye aliuawa. Amin alipoanguka mwaka 1979, Waislamu wa Ankole, wakulima na wachuuzi ambao hawakuwahi kumtuma yeyote kuua, walichinjwa na majirani kulipiza makosa ya serikali. Hakuna aliyewapeleka kwanza mbele ya hakimu aulize kosa lao ni lipi. Swali lilelile la kesi ya Stewart.

Tangu 2018 mahakama za Uganda hufanya mhadhara wa kumbukumbu yake kila Septemba, Kampala. Amri aliyoitoa humtaka mshikaji alete mwili wa aliyeshikwa mbele ya jaji. Mwili wa Kiwanuka mwenyewe haujaonekana hadi leo, na mkewe Maxencia na watoto wao hawakupata cha kuzika.