Jean Rosenthal: Dada aliyewasha Broadway kwa penseli na karatasi

Kwa shoo yoyote, macho yote huwa kwa msanii. Nani humwangalia yule fundi wa taa aliyejikunyata kule nyuma gizani? Na bila yeye, staa wako ni sauti tu. Leo nakuletea mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo, na alikuwa mwanamke: Jean Rosenthal.

Alizaliwa New York, Marekani, Machi 16, 1912. Wazazi wake walikuwa madaktari waliohamia huko kutoka Romania. Kwenye shule ya maigizo alikutana na Martha Graham, gwiji wa densi, na wakafanya kazi pamoja kwa miaka mingi. Baadaye alienda Yale, ambako mwalimu Stanley McCandless alifundisha kugawa jukwaa vipande vipande na kumulika kila kipande kivyake.

Juni 1937, akiwa na miaka 25, alijionea moto. Kundi la Orson Welles lilikuwa limeandaa mchezo wa muziki, The Cradle Will Rock, kwa pesa za serikali. Siku ya kufungua, ukumbi ukafungwa na walinzi wakawekwa mlangoni. Rosenthal akapewa kazi ya ajabu: tafuta piano, ipakie kwa lori, kisha zunguka nayo mjini hadi ukumbi mwingine upatikane. Ulipatikana. Watazamaji wakatembea mitaa 21 kuufuata, na waigizaji wakaimba wakiwa viti vya kawaida kwa sababu chama chao kiliwakataza kupanda jukwaani. Shoo ikaenda.

Sasa tuje kwa mataa. Enzi hizo hakukuwa na kompyuta. Nyaya za taa ziliishia kwenye bodi kubwa nzito, na mafundi kadhaa walivuta vishikio kwa mikono kuongeza au kupunguza mwanga. Mmoja akichelewa sekunde mbili, mwimbaji anabaki gizani. Na mafundi hao karibu wote walikuwa wanaume, wasiozoea kupewa amri na msichana.

Rosenthal hakupigizana kelele na mtu. Alikuja na karatasi. Mchoro wake ulionyesha kila taa imening'inia wapi, imeelekezwa wapi na imechomekwa wapi. Kando yake kulikuwa na orodha: ishara namba fulani, mwanga fulani, muda fulani. Ukishika karatasi hiyo, huna la kubishana. Hivyo ndivyo alivyomulika West Side Story (1957), The Sound of Music (1959), Fiddler on the Roof (1964) na Cabaret (1966), pamoja na densi za Graham.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwaka 1986, miaka 17 baada ya kifo chake, ukaja mfumo wa DMX512. Kebo moja hutoka mezani kwa fundi hadi taa ya kwanza, ya kwanza inaipasia ya pili, ya pili inaipasia mashine ya moshi, kama foleni ya watu wanaopokezana ndoo za maji. Kebo moja hubeba chaneli 512. Kila kifaa hupewa namba yake, na mwisho wa foleni huchomekwa kizuizi cha omu 120 ili mawimbi yasirudi nyuma na kuzifanya taa ziwe kama zimepagawa. Kebo ikichomoka katikati, wote walio mbele yake hawapati amri. Ukizipa taa mbili namba moja, zitafanya kitu kilekile hata kama hukutaka.

Kwa hivyo kabla hujachomeka chochote, lazima uandike: nani anafuata nani, na nani ana namba gani. Mashine ni mpya, lakini karatasi ni ileile ya Rosenthal.

Mapema 1969 saratani ilikuwa imemmaliza nguvu. Hata hivyo alipelekwa ukumbini kumulika densi mpya ya Graham, Archaic Hours. Siku chache baadaye, Mei 1, akafariki akiwa na miaka 57.

Tuzo za Tony, zile kubwa zaidi za Broadway, hazikuwa na kitengo cha taa wakati huo. Kilianzishwa 1970, mwaka mmoja baada ya kumzika. Kwa hivyo wewe uliye kule nyuma gizani, usingoje makofi. Chora mpango wako, shoo iende.