Daktari Dicke na Siri ya Mkate

Mwaka huu nilitaka kuandika juu ya shujaa wa hapa kwetu, lakini kalamu imenivuta mpaka Uholanzi. Ngojeni niwaeleze sababu.

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa akila lakini hanenepi. Tumbo lilimvimba, miguu ikawa njiti, na kuhara hakuishi. Majirani wa hapa Kitengela walisema ati ni minyoo. Mama ndiye aliyegundua kwamba tukienda Kajiado kwa nyanya, kwenye ugali na nyama wiki nzima, mtoto hupata nafuu. Tukirudi kwenye chapati na mandazi, maradhi nayo hurudi. Alipoyaeleza hayo kwenye zahanati moja, alichekwa. Baadaye daktari mwingine alimpima mtoto damu, akatutajia jina la ugonjwa: siliaki.

Nikaanza kusoma, na hapo nikakutana na Willem Karel Dicke. Alizaliwa Dordrecht mwaka wa 1905, akasomea udaktari Leiden, na alipokuwa na miaka 31 tu alikuwa mkuu wa hospitali ya watoto mjini The Hague. Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Samuel Gee wa Uingereza alikuwa ameueleza mwaka wa 1888, naye Sidney Haas wa Marekani aliwalisha wagonjwa ndizi tangu miaka ya 1920. Walipopata nafuu, ndizi ikasifiwa! Kumbe siri ilikuwa katika chakula walichonyimwa.

Husimuliwa kwamba mama mmoja alimwambia Dicke kuwa vipele vya mwanawe hupoa akiacha mkate. Dicke hakucheka. Alijaribu kuwanyima wagonjwa ngano, na mwaka wa 1941 akaandika juu ya jambo hilo. Kisha ikaja njaa kuu ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walipozuia chakula kisifike magharibi ya nchi. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu, na maelfu wakafa. Lakini watoto wenye siliaki, waliokosa mkate kama wengine, wakapata nafuu. Mkate uliporudi, mkate wa huruma jamani, wakaugua tena.

Hapo nilifunga kitabu. Krismasi moja kule Kajiado nilimwonea mdogo wangu huruma, nikampenyezea kipande cha chapati nyuma ya jiko. Usiku alitapika, mama asilale. Sijawahi kumwambia mama. Basi atasoma hapa.

Dicke hakuridhika na kisa cha njaa. Yeye na wenzake, Weijers na van de Kamer, walipima mafuta yanayopotea katika choo cha watoto, leo wamekula ngano, kesho hawajala. Kazi chafu, lakini ndiyo iliyothibitisha. Mwaka wa 1950 alipata shahada ya udaktari wa falsafa kwa utafiti huo katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Alifariki mwaka wa 1962 akiwa na miaka 57.

Hakuwahi kujua habari za jeni. Siku hizi inajulikana kwamba gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike, hubadilishwa kidogo na kimeng'enya ndani ya utumbo. Kwa baadhi ya watu wenye jeni za DQ2 au DQ8, askari wa mwili huiona kuwa adui. Hutoa kemikali iitwayo interferoni, nayo huziamsha jeni nyingine katika seli za utumbo, vita vikazidi kuwaka. Vile vinyweleo vya kufyonza chakula huishia kuwa bapa. Ndiyo maana mtoto hula asinenepe. Lakini jeni peke yake haileti ugonjwa: mimi huenda ninazo, na chapati nazila tu.

Mdogo wangu sasa ana sufuria yake kando, maana hata chembe za unga wa ngano humdhuru. Miguu si njiti tena. Juzi alinishinda mbio mpaka barabara ya Namanga.