Oloitiptip: Mwana wa Kajiado aliyetetea Katiba, kisha siasa zikamgeuka

Katika historia ya siasa za Kenya, ni viongozi wachache kutoka jamii za wafugaji waliowahi kuitikisa serikali kuu kama marehemu Stanley Shapashina ole Oloitiptip, aliyekuwa mbunge wa Kajiado Kusini. Alianza kama sauti ya wilaya iliyohofia kumezwa na wengi, akapanda hadi Baraza la Mawaziri chini ya marais wawili, na akaaga dunia Januari 1985 akiwa amefukuzwa kutoka chama alichokitumikia kwa miaka ishirini.

Wakazi wengi wa leo wa Nkoroi, Ongata Rongai na Kitengela, ambako ploti na nyumba za kukodisha zimechukua mahali pa malisho, huenda hawalifahamu vyema jina hilo. Hata hivyo, mgogoro uliomfanya kuwa mashuhuri uliamua ni nani angeitawala Kenya kwa miaka 24.

Ili kumwelewa mwanasiasa huyo, sharti mtu aanze na suala la ardhi. Kupitia mkataba wa mwaka 1904, serikali ya kikoloni iliwahamisha Wamaasai kutoka malisho yao ya Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi. Mkataba wa pili, wa mwaka 1911, uliwaondoa pia Laikipia na kuwasukuma kusini, katika eneo linalojumuisha Kajiado na Narok za leo. Walipokwenda mahakamani kupinga, kesi yao ilitupwa mwaka 1913. Jamii hiyo ilibaki na funzo chungu kwamba maandishi yanaweza kumpokonya mtu ardhi, na kwamba asiyekuwa na mtu wake mezani huamuliwa na wengine.

Hofu hiyo ndiyo iliyozaa siasa za Kajiado wakati uhuru ulipokaribia. Chama cha Kanu kilipoundwa Kiambu mnamo Mei 1960, viongozi wa jamii ndogo walihofia kwamba kingetawaliwa na makabila makubwa. Mwezi uliofuata walikutana Ngong, mwendo mfupi tu kutoka Nkoroi, wakaunda Kadu. Muungano wa Wamaasai ulikuwa miongoni mwa makundi yaliyoungana hapo chini ya Ronald Ngala, huku Daniel arap Moi akiwa mmoja wa vinara. Sera yao kuu ilikuwa majimbo, yaani kila eneo lijisimamie na kuilinda ardhi yake.

Oloitiptip aliingia Bungeni mwaka 1963 kwa tiketi ya Kadu, akiwakilisha Kajiado Kusini. Hilo ni eneo la Loitokitok na tambarare za Amboseli, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako uhai wa watu ulitegemea mifugo, mvua na nafasi ya kuhama. Upande wa kaskazini wa wilaya hiyo, John Keen alikuwa mwanasiasa wa Kanu tangu siku za mwanzo za chama hicho, na kwa miaka mingi ushindani wa wawili hao ulitawala siasa za Wamaasai wa Kajiado.

Ndoto ya majimbo haikudumu. Mnamo Novemba 1964 Kadu ilijivunja na wabunge wake wakavuka hadi upande wa serikali. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa jamhuri, na mamlaka ya majimbo yakarejeshwa Nairobi. Kwa mwanasiasa wa wilaya ya mbali, ujumbe ulikuwa wazi: aliyetaka barabara, shule au kisima kwa watu wake alipaswa kuvifuata serikalini, si kuvidai akiwa upinzani. Oloitiptip aliusoma ujumbe huo mapema. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1974, alikuwa ndani ya Baraza la Mawaziri la Mzee Jomo Kenyatta kama Waziri wa Maliasili.

Miaka miwili baadaye, wadhifa huo ulimweka katikati ya vita vikubwa vya urithi wa mamlaka. Mzee Kenyatta alikuwa amezeeka na afya yake ilikuwa ikidhoofika. Katiba ilisema kwamba rais akifariki, Makamu wa Rais angeshika madaraka kwa siku 90 hadi uchaguzi ufanyike. Makamu huyo alikuwa Moi. Baadhi ya vigogo waliokuwa karibu na Ikulu hawakutaka apate nafasi hiyo, kwani walifahamu kwamba siku 90 zilimtosha mtu kujiimarisha.

Mnamo Septemba 26, 1976, viongozi hao waliandaa mkutano mkubwa wa hadhara mjini Nakuru na kutaka kipengele hicho kibadilishwe. Miongoni mwa waliotajwa sana katika vuguvugu hilo ni Kihika Kimani, Dkt Njoroge Mungai, Jackson Angaine, Paul Ngei na Njenga Karume. Walikuwa na fedha, walikuwa na ushawishi, na wengi waliamini kwamba wana baraka za wakubwa.

Ni katika saa hiyo ambapo wanasiasa wengi hunyamaza na kusubiri kuona upepo unaelekea wapi. Oloitiptip hakusubiri. Aliongoza kundi la wabunge 98 waliotia sahihi taarifa ya kupinga mabadiliko hayo. Uzito wa sahihi hizo ulikuwa katika hesabu. Bunge lilikuwa na wabunge 158 wa kuchaguliwa na 12 wa kuteuliwa, ilhali mabadiliko ya Katiba yalihitaji asilimia 65 ya kura za wabunge wote. Wabunge 72 waliosalia wasingeweza kuifikia idadi hiyo hata kama wote wangeunga mkono. Vuguvugu lilikuwa na kelele viwanjani, lakini Bungeni halikuwa na kura.

Pigo la pili lilitoka kwa Mwanasheria Mkuu, Charles Njonjo. Mnamo Oktoba 6 alitoa onyo kwamba kuwazia au kupanga kifo cha rais ni hatia ambayo adhabu yake ni kifo. Siku chache baadaye Baraza la Mawaziri liliunga mkono msimamo huo, na mjadala ukafa.

Mzee Kenyatta alipofariki mjini Mombasa mnamo Agosti 22, 1978, Katiba ilifuatwa kama ilivyoandikwa. Moi alishika hatamu siku hiyo hiyo, na kabla ya siku 90 kuisha alikuwa ameapishwa kuwa rais kamili bila kupingwa. Nchi ilivuka salama mahali ambapo mataifa kadhaa ya Afrika yalikuwa yameteleza.

Oloitiptip alikuwa na kila sababu ya kutarajia fadhila. Alibaki katika Baraza la Mawaziri, na mapema katika miaka ya themanini alisimamia Wizara ya Serikali za Mitaa, iliyokuwa na mamlaka juu ya mabaraza yote ya miji na wilaya. Mtu aliyeingia siasa akitetea haki ya maeneo kujisimamia sasa ndiye aliyeyasimamia kutoka Nairobi. Aidha, alikuwa mtu wa kuonekana: mwenye mwili mkubwa, familia kubwa ya wake wengi, na tabia ya kutoficha utajiri wake. Wafuasi wake waliona fahari katika hayo, lakini wapinzani wake waliyaweka akiba.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1982. Mnamo Juni Bunge liliifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja kisheria, na Agosti 1 baadhi ya wanajeshi wa anga wakajaribu kupindua serikali. Kuanzia hapo, shaka ilitawala. Mnamo Mei 1983 Rais Moi alidai kwamba kuna mtu aliyekuwa akiandaliwa na mataifa ya kigeni kutwaa urais, na mwezi uliofuata jina la Njonjo likatajwa Bungeni. Uchaguzi wa mapema uliitishwa Septemba, na tume ya uchunguzi chini ya Jaji Cecil Miller ikaanza kusikiza ushahidi dhidi ya Njonjo.

Oloitiptip alihesabiwa miongoni mwa washirika wa Njonjo. Urafiki ambao mwaka 1976 ulikuwa ngao ya Moi uligeuka kuwa doa. Alikosa nafasi katika Baraza la Mawaziri, na mnamo Septemba 1984 Kanu ilimfukuza pamoja na Njonjo na wengine, wakiwemo G.G. Kariuki na Joseph Kamotho. Katika nchi ya chama kimoja, kufukuzwa chamani kulikuwa sawa na kufungiwa mlango wa siasa zote, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwania ubunge bila kuwa mwanachama. Miezi michache baadaye alifariki.

Kinaya cha maisha yake ni kwamba Kamotho na Kariuki walipata muda wa kurejea ulingoni, na Njonjo mwenyewe alisamehewa Desemba 1984. Mbunge wa Kajiado Kusini hakubahatika kuona milango ikifunguliwa tena.

Hata hivyo, mambo mawili aliyoyapigania yameingia katika Katiba ya mwaka 2010. Ugatuzi, ambao ni jamaa wa karibu wa majimbo ya Kadu, umeipa Kajiado gavana na bunge lake tangu mwaka 2013. Na suala la urithi limefungwa kabisa: rais akifariki au kuondoka madarakani, naibu wake huchukua usukani na kumaliza muhula uliosalia.

Oloitiptip alisimama na sheria wakati sheria ilipokuwa ikimfaa mshirika wake. Yeye alipoihitaji, chama kilikuwa kimekwisha kuwa na nguvu kuliko sheria, na kanuni ya chama hicho ilipitishwa na Bunge ambalo yeye mwenyewe alikuwa ndani yake.