Felice Benuzzi: Mfungwa wa Vita Aliyehepa Kambi Nanyuki, Akapanda Mlima Kenya, Kisha Akarudi Mwenyewe

Wewe wa Makongeni ama Ruiru, asubuhi anga ikiwa safi unaucheki Mlima Kenya kwa umbali. Kuna msee aliuangalia huo mlima akiwa nyuma ya seng'enge, na ndio ulimsaidia asirukwe na akili.

Felice Benuzzi alizaliwa Vienna 1910, akalelewa Trieste, Italia, na milima ilikuwa damu yake. Usimfanye malaika lakini. Vita vya Pili vya Dunia vilimpata Ethiopia akitumikia serikali ya kikoloni ya Italia. Waingereza walipoichukua Addis Ababa 1941 akanaswa, akaishia Kenya. Hata bosi wao mkubwa, Duke wa Aosta, alizuiliwa hapa tu karibu na Thika, Ol Donyo Sabuk, akafariki Nairobi Machi 1942.

Maisha ya Kambi 354 Nanyuki yalikuwa kungoja tu. Hujui unatoka lini. Benuzzi alikuwa na mkono wa kuchora, na huo mlima ukamwingia kichwani: ulimkumbusha milima ya kwao. Michoro yake ilikuja kutoka pamoja na kitabu chake.

Kuchora pekee hakukutosha. Januari 24, 1943, akachomoka na mabeshte wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea picha ya mlima kwenye lebo ya mkebe wa nyama. Kamba walitoa kwa mkonge wa vitanda vya kambi. Vyuma vya kukanyagia barafu waliunda na vyuma kuukuu. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto walifika Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera yao.

Halafu, manze, wakarudi kambini wenyewe! Walipewa siku 28 seli, zikapunguzwa hadi 7.

Benuzzi aliachiliwa 1946, akawa mwanadiplomasia, akafariki Roma 1988. Kitabu chake kilitoka kwa Kiitaliano 1947, kwa Kiingereza 1952. Mwaka huo huo wa 1952, mkoloni alitangaza hali ya hatari, na safari hii waliofungiwa kambini ni Wakenya, kwa nchi yao wenyewe. Wengi wao hawakuacha picha wala kitabu. Kumbukumbu zao ziko kwa cucu na guka.

Kama wako bado wapo, keti nao wikendi hii. Chukua kalamu, ama rangi kabisa.