Jean-Marie Seroney na Kauli Iliyomtia Kizuizini

Marehemu Jean-Marie Seroney alizaliwa Nandi katika miaka ya 1920, wakati ambapo nyanda za Uasin Gishu, kuanzia Moiben hadi mpakani mwa Nandi, zilikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu. Alisoma Alliance, akaendelea Makerere, kisha India na London alikosomea sheria. Alirejea akiwa miongoni mwa mawakili wa kwanza wa jamii ya Wakalenjin. Mwaka 1961 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na baada ya uhuru akawa Mbunge, hatimaye wa Tinderet.

Hakuwa mtu wa kumeza neno. Mwaka 1969 alitoa Azimio la Nandi Hills, lililodai ardhi ya Nandi kuwa haki ya Wanandi. Alishtakiwa kwa uchochezi, akatozwa faini. Ni haki kukiri kwamba azimio hilo liliwakwaza wengi waliokuwa wamenunua mashamba kwa jasho lao. Walakini ni jambo moja raia kukwazika na kumjibu mwenzake, na ni jambo jingine dola kukwazika kwa niaba yake.

Kauli iliyombadilishia maisha ilikuja miaka sita baadaye, nayo ilikuwa fupi mno. Kiswahili kilikuwa kimeingia Bungeni mwaka 1974 kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, na mapema mwaka 1975 Seroney alichaguliwa Naibu wa Spika. Machi mwaka huohuo Mbunge J. M. Kariuki aliuawa, na tangu hapo maneno yakaanza kupimwa kwa mizani ya dhahabu. Mwezi wa Oktoba, Martin Shikuku, aliyesifika kwa ulimi wake mkali, alidokeza kuwa kuna watu waliotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Akatakiwa atoe ushahidi. Kitini alikuwa Seroney, naye akaamua kuwa jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa hiki kwa mwanafunzi wa lugha. Maneno ya Shikuku yalikuwa kejeli, na kejeli ina mlango wa nyuma: msemaji anaweza kudai kuwa alitania tu. Uamuzi wa Seroney uliufunga mlango huo. Neno likitoka kwenye kiti cha Spika huwa hukumu, na kwa hiyo istiari ya kifo ikageuka kuwa taarifa rasmi. Tena haikuwa taarifa ya uongo. KANU haikuwa imefanya uchaguzi wa kitaifa wa viongozi wake tangu 1966! Kilichoudhi si uzushi, bali ni kutamkwa hadharani kwa jambo ambalo kila aliyekuwa katika ukumbi ule alilijua na alikuwa amejizoeza kutolitaja.

Siku chache baadaye, tarehe 15 Oktoba 1975, polisi waliwakamata wote wawili katika majengo ya Bunge, wakatiwa kizuizini bila ya kufunguliwa mashtaka. Kenyatta aliwakumbusha wabunge kuwa mwewe angali angani na vifaranga wajihadhari. Istiari ya Mbunge ilikuwa imempeleka kizuizini. Ile ya Rais ilipokelewa kwa kimya. Chelagat Mutai, Mbunge kijana wa Eldoret Kaskazini aliyeshirikiana na Seroney, alifungwa mwaka 1976 kwa kosa la uchochezi, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu.

Basi iwapo wawakilishi wenye kinga ya Bunge walichukuliwa hivyo, raia aliyekaa kilabuni au kwenye foleni ya kupeleka maziwa alikuwa na kinga gani? Alijifunza kutazama nani ameketi kando yake kabla ya kucheka. Mzaha kuhusu wakubwa ukahamia katika mafumbo, katika lugha za nyumbani, katika majina ya kupanga ambayo mgeni asingeyang'amua. Wapo wanaosema kuwa shinikizo la aina hiyo hukuza ufundi wa fumbo. Huenda ni kweli kwa mshairi. Kwa jirani anayetaka kuuliza tu fedha za ushirika zilikokwenda, fumbo ni mzigo.

Seroney aliachiliwa Desemba 1978, baada ya kifo cha Kenyatta, pamoja na Shikuku, Ngũgĩ wa Thiong'o na wafungwa wengine wa kisiasa. Aligombea tena Tinderet mwaka 1979 na kushindwa na Henry Kosgey. Alifariki mwaka 1982. Juni ya mwaka huohuo, Bunge lilikuwa limeibadilisha Katiba na kuifanya KANU kuwa chama pekee halali nchini Kenya.