Al-Kindi na siri za simu zetu

Kila kampuni ya programu inaponiambia ujumbe wangu uko salama, niiamini tu, humkumbuka Al-Kindi.

Yakub bin Is-haq Al-Kindi alizaliwa Kufa, Iraq, mwanzoni mwa karne ya 9. Alifanya kazi Baghdad chini ya Khalifa Al-Ma'mun, kisha Al-Mu'tasim, ambaye mwanawe alimsomesha. Wengi twamjua kwa falsafa. Wachache wajua kuwa ndiye aliyetuachia maelezo ya kale zaidi yanayojulikana ya kufumbua maandishi ya siri kwa hesabu. Kila lugha, alieleza, ina herufi zinazojirudia kuliko nyingine. Hesabu alama za fumbo, zilinganishe na maandishi ya kawaida, na siri itaanza kujifichua.

Mafumbo yaliyodhaniwa madhubuti yakaonekana ni pazia jepesi. Tangu hapo, kufuli halisifiwi kwa maneno ya fundi wake. Husifiwa likijaribiwa na wajuzi likawashinda. Ndiyo maana nazipenda programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kukaguliwa. Mimi siwezi kuusoma, na uwazi hauondoi kila kasoro, lakini angalau mlango wa ukaguzi haukufungwa.

Wanahistoria husimulia kuwa enzi ya Al-Mutawakkil, mahasidi walimchongea Al-Kindi. Akapigwa, maktaba yake ikachukuliwa, ingawa baadaye ilirudishwa. Alifariki karibu na mwaka 873, Mungu amrehemu.

Yeye vitabu vyake vilichukuliwa kwa nguvu. Sisi picha za watoto wetu twazikabidhi wenyewe, kwa kubonyeza "nakubali" bila kusoma.